Baiskeli za Umeme za Vigango: Kuchagua na Kuunganisha Mlinzi wa Betri

Mada iliyotolewa na mwalimu wa karakana ya umeme kwenye semina ya kamati za maendeleo za parokia, mbele ya wawakilishi wa wafadhili. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.



Katibu aliniomba nizungumze juu ya baiskeli za umeme kwa ujumla. Nikamwomba aniruhusu nipunguze, nizungumzie kitu kimoja tu kilichomo ndani ya boksi la betri. Sababu yangu ni hii. Kwenye rasimu ya bajeti mliyogawiwa asubuhi kuna mstari unaosema "BMS, fyuzi, boksi na chaja maalumu", na pembeni yake mtu ameweka alama ya kuuliza kwa penseli. Nimeelezwa kwamba tukiufuta mstari huo na kuchukua betri za bei ya chini zisizo na vitu hivyo, dekania itapata baiskeli nane badala ya saba. Hesabu yenyewe ni sahihi, nimeipitia. Nakuja kuwaomba mchague saba.

Kwanza kazi yenyewe. Katekista anayehudumia kigango cha mbali anaweza kutembea kilometa 30 kwa siku, kwenda na kurudi, na mhudumu wa afya wa jumuiya vivyo hivyo. Baiskeli yenye mota ya kusaidia kukanyaga hutumia takriban wati-saa 10 hadi 15 kwa kila kilometa, na zaidi ya hapo kwenye mchanga na milima. Betri ya volti 48 yenye ampea-saa 10 inabeba wati-saa 480. Gawanyeni wenyewe mtaona kwamba safari hiyo inawezekana kwa chaji moja. Haihitaji petroli, na chaja yake ndogo ya ampea 2 inavuta umeme wa wati 130 hivi, kiasi ambacho mfumo wa sola wa nyumba nyingi za mapadre unaweza kukitoa mchana. Kwa hiyo wazo la mradi ni zuri, na mimi ni mmoja wa waliolipigia debe.

Sasa tufungue boksi. Betri ya baiskeli si kitu kimoja kama ile ya gari. Ndani yake kuna seli ndogo nyingi, kila moja ikiwa na unene wa kidole gumba hivi. Seli kadhaa huunganishwa sambamba zikawa kundi moja, kisha makundi huunganishwa mfululizo, mkia wa hili kwa kichwa cha lile, mpaka volti zitoshe. Betri ya volti 48 ya aina iliyoenea zaidi ina makundi 13. Kila kundi likijaa linafika volti 4.2, nalo halipaswi kushushwa chini ya volti 3 au karibu na hapo. Kundi likipitishwa juu ya kiwango chake, au likikaushwa kabisa kisha likachajiwa tena, kemikali zake huharibika na zinaweza kupata moto zenyewe. Sisemi kwamba kila betri iliyozidishwa huwaka. Ila mkishaweka betri saba katika nyumba saba ambamo watoto wanalala, hamwezi kupanga kwa kutegemea bahati.

Ugumu ni kwamba chaja na kontrola ya mota vinapima jumla tu. Havijui kinachotokea ndani ya kila kundi. Wanakwaya mtanielewa: ukisimama mlangoni mwa kanisa unasikia kwaya nzima, na mwimbaji mmoja akipoteza sauti hutamtambua kwa sababu wenzake wanamfunika. Hebu tuweke tarakimu. Makundi 12 yakiwa na volti 3.95 kila moja na kundi moja likiwa limeanguka hadi 2.6, jumla ni volti 50. Kontrola inaona 50, inasema betri ina afya, inaendelea kunyonya, na lile kundi dhaifu linazidi kuzama. Kwenye kuchaji ni kinyume chake. Chaja ya betri hiyo hukoma jumla ikifika volti 54.6. Ikiwa kundi moja limekwama kwenye 3.6, yale 12 yatasukumwa hadi 4.25 kila moja ndipo jumla itimie, na chaja itawasha taa ya kijani kana kwamba kila kitu ni salama.

BMS ndicho chombo kinachomsikiliza kila mwimbaji peke yake. Ni bodi ya umeme ya ukubwa wa kiganja, wakati mwingine ndogo zaidi, yenye nyaya nyembamba zinazokwenda kwa kila kundi na nyaya nene mbili au tatu zinazopitisha umeme wa kazi. Juu yake kuna transista zinazofanya kazi ya lango. Kundi lolote likizidi au likipungua kupita kiasi, au umeme ukivutwa kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa, au shoti ikitokea, lango linafungwa. Bodi yenye kihisi joto hulifunga pia betri ikipata joto au baridi isiyofaa. Zaidi ya hayo bodi nyingi husawazisha makundi, jambo nitakalolirudia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Jijini New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa katika moto uliotokana na betri za lithiamu, na sehemu kubwa ya balaa hilo ilihusishwa na baiskeli na skuta za umeme. Wengi wa wanaotumia baiskeli hizo huko ni wahamiaji wanaosambaza chakula, watu wa kipato kidogo, wanaonunua betri ya bei nafuu na kuichajia ndani ya chumba wanamolala. Mwaka huohuo jiji lilianza kutekeleza sheria kwamba baiskeli na betri zinazouzwa humo ziwe zimepimwa usalama kwa viwango vinavyotambuliwa. Nyumba ya katekista mwenye chumba kimoja na sebule haina tofauti kubwa na chumba hicho. Tofauti ni kwamba sisi gari la zimamoto liko mbali.

KUCHAGUA

Swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni seli za aina gani. Ziko aina mbili tutakazokutana nazo. Moja ina mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti, na kwenye lebo huandikwa NMC. Hiyo ndiyo yenye volti 4.2 ikijaa. Nyingine ni ya lithiamu na fosfeti ya chuma, huandikwa LFP au LiFePO4, na ikijaa ni volti 3.65 tu. Bodi ya aina moja haifai kwa nyingine. Bodi ya NMC ikifungwa kwenye betri ya LFP, lango lake linasubiri mpaka kundi lipite volti 4.2, na wakati huo kundi la LFP limeshazidishwa kitambo. Ukigeuza, bodi ya LFP itafunga lango mapema na betri ya NMC haitajaa kamwe. Hilo la pili halileti hatari ya kuzidisha chaji, ila mtaletewa malalamiko kila wiki.

Nani achague ipi? Kwa vigango vyetu mimi napendelea LFP. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule, jambo ambalo katekista atalisikia kwenye mlima betri ikiisha. Lakini inavumilia joto vizuri zaidi, ni vigumu zaidi kuwaka, na inachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Mfadhili atakayeniambia kwamba NMC ni nyepesi amesema kweli. Bado nitachagua uzito.

Swali la pili ni idadi ya makundi, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu lebo zote zinasema tu "48V". Betri ya NMC ya volti 48 ina makundi 13 na chaja yake ni ya volti 54.6. Ya LFP kwa kawaida ina makundi 16 na chaja ya volti 58.4, lakini zipo za makundi 15, ambazo chaja yake ni ya karibu 54.8. Angalieni namba hizo: 54.6 na 54.8 zinakaribiana hata chaja zinaweza kubadilishana plagi bila mtu kushtuka, lakini bodi ya makundi 13 na ya makundi 15 haziwezi kubadilishana hata kidogo. Kwa betri za volti 36 za NMC, makundi ni 10 na chaja ni ya volti 42. Basi katika hati ya kuagiza msiandike "BMS ya 48V". Andikeni aina ya seli, idadi ya makundi na volti za chaja. Muuzaji asiyeweza kujibu mambo hayo matatu, mwacheni na mzigo wake.

La tatu ni ampea. Watu hutazama mota: imeandikwa wati 500, wanagawanya kwa volti 48, wanapata ampea 10 na kidogo, wananunua bodi ya ampea 15. Hapana. Anayevuta umeme kwenye betri ni kontrola, nayo ina maandishi yake. Kontrola ya mota kama hiyo mara nyingi huandikwa ampea 20 au 22, na kwenye mlima itavuta zote. Bodi iwe na ampea za kudumu zinazozidi za kontrola kwa nafasi ya kutosha. Kwa kontrola ya ampea 20 mimi naweka bodi ya 30. Nasema za kudumu, maana wauzaji wengine huchapisha kwa herufi kubwa ampea ambazo bodi inazistahimili kwa sekunde chache tu.

Aidha, msidhani kubwa zaidi ndiyo bora. Kuna fundi aliyenishauri tuweke bodi za ampea 60 "ili tusisumbuliwe". Bodi ya ampea 60 inaweza isistuke mpaka umeme upite ampea 100, na hapo waya wa betri ndogo umeshageuka jiko. Na seli nazo zina kikomo. Ikiwa kila kundi lina seli 4 sambamba na kontrola inavuta ampea 20, kila seli inatoa ampea 5. Muulizeni muuzaji kama seli zake zinaruhusu hivyo mfululizo. Zisiporuhusu, hakuna bodi itakayozitia nguvu.

Mengine ya kuchagua nitayapitia haraka. Chukueni bodi yenye kihisi joto: seli nyingi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi au baridi chini ya nyuzi 0. Baridi ya kugandisha huku kwetu ni nadra, ingawa ndugu wa Makete wanaijua Juni na Julai. Tatizo letu ni chumba cha bati saa nane mchana. Chukueni bodi ambayo chaja na kontrola vinatumia mlango mmoja. Zile za milango miwili ni nzuri mikononi mwa mtu makini, lakini mtu akichomeka chaja kwenye mlango wa mota, ulinzi wa kuchaji unarukwa, na hakuna taa itakayomwambia. Bodi zinazosomwa kwa simu zinapendeza, na zinamsaidia fundi kuona kila kundi bila kufungua boksi. Zinakula umeme kidogo muda wote, kwa hiyo baiskeli ikilala miezi miwili betri inaweza kukutwa chini kabisa. Mkiweza kumudu, nunueni. Msipoweza, mita ya kawaida ya fundi inasoma vilevile.

KUUNGANISHA

Sehemu hii nitaieleza taratibu, hata kwa msio mafundi, kwa sababu kamati ndiyo itakayosimama kando ya fundi na kutia sahihi kwamba kazi imekamilika.

Kabla ya yote, fundi avue pete, saa ya chuma na rozari ya chuma kama anayo mkononi. Betri ikishaunganishwa haina swichi ya kuizima. Vipande vya nikeli vinavyounganisha seli viko uchi, na kipande cha chuma kikigusa viwili vya volti tofauti kinageuka chekundu kwa moto. Kisha apime kila kundi peke yake na kuandika. Makundi ya betri mpya yanapaswa kukaribiana sana. Likitokea moja limeachwa na wenzake kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Bodi haifungwi ili kuficha kundi bovu.

Mwisho wa hasi kabisa wa betri, yaani hasi ya kundi la kwanza, ndipo unapolehemiwa waya mnene wa bodi ulioandikwa B-. Upande wa chanya wa betri haupiti kwenye bodi nyingi tunazozipata. Unatoka moja kwa moja, na hapo pawekwe fyuzi, karibu na betri iwezekanavyo. Kwa kontrola ya ampea 20, fyuzi ya 30 inatosha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho ambacho betri nyingi nilizofungua hazina.

Sasa nyaya nyembamba. Bodi ya makundi 13 kwa kawaida huja na plagi ya nyaya 14. Nyingine zina 13 kwa kuwa ile ya sifuri hupitia kwenye B-. Wa kwanza, ambao mara nyingi ni mweusi, unakwenda hasi ya kundi la kwanza. Unaofuata unakwenda chanya ya kundi la kwanza, unaofuata chanya ya kundi la pili, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho unaokwenda chanya kuu ya betri. Wakati wote huu plagi isiwe imechomekwa kwenye bodi. Nalisisitiza kwa sababu ni rahisi kulehemu plagi ikiwa tayari mahali pake, na waya mmoja ukigusa pasipofaa bodi inaungua kimyakimya. Itaonekana nzima. Haitalinda kitu.

Nyaya zote zikishafungwa, plagi ipimwe kabla ya kuchomekwa. Ncha nyeusi ya mita ibaki kwenye waya wa sifuri, nyekundu ipite tundu moja baada ya jingine. Betri ikiwa na volti 3.7 kwa kila kundi, mnapaswa kusoma 3.7, kisha 7.4, kisha 11.1, kisha 14.8, mkipanda ngazi hivyo hivyo mpaka 48.1 mwishoni. Kila hatua inaongeza kiasi kilekile. Mkisoma 7.4 ikifuatwa na 14.8 halafu 11.1, nyaya mbili zimebadilishana. Mkisoma namba ileile mara mbili, waya mmoja umefungwa pasipo pake. Zoezi hili huchukua dakika tatu, na mjumbe yeyote wa kamati aliyemaliza darasa la saba anaweza kulisimamia akiwa na karatasi na kalamu. Ndiyo maana nimeomba fomu ya kupokelea kila betri iwe na mistari 13 ya kuandikia namba hizo, na 16 kwa zile za LFP.

Ngazi ikiwa sawa, ndipo plagi ichomekwe. Siku ya kuvunja, utaratibu unageuzwa: plagi inatoka kwanza, waya wa B- mwisho. Kisha pimeni kati ya chanya kuu na B-, halafu kati ya chanya kuu na P-, yaani waya unaokwenda kwa kontrola. Namba ziwe sawa. Mkipata sifuri au volti chache zisizoeleweka, msikimbilie kusema bodi ni mbovu; nyingi huja zimelala na huamka zikichomekwa chaja kwa muda mfupi. Mkiunganisha kontrola kwa mara ya kwanza mtaona cheche kwenye plagi. Ni kapasita za kontrola zinajaza tumbo. Hata hivyo cheche hizo zikirudiwa kila siku hula plagi, kwa hiyo betri isichomolewe na kuchomekwa pasipo sababu.

Barabara zetu zinatikisa. Nyaya nyembamba zisipite juu ya kingo za nikeli bila karatasi ya kuhami katikati, maana mtikisiko wa miezi sita unaweza kukata ganda la waya kama msumeno. Zifungwe pamoja kwa tepu ya umeme, na bodi isikae imegandamizwa juu ya seli zenyewe. Boksi lizuie maji ya masika, na lifungwe kwenye fremu, si kwenye keria ya nyuma mnapopakia gunia la mahindi.

Najua mahesabu haya yanachosha. Lakini mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka sura ya 14 tunauhubiri kila tunapochangisha ujenzi wa kanisa, na sioni kwa nini usihusu betri.

BODI IKIKATAA

Niwaeleze lililotokea mahali fulani, sitapataja. Baiskeli ilianza kuzima kwenye mlima, kisha ikakataa kabisa. Ikapelekwa kwa fundi wa mjini. Fundi akapima, akaona bodi imefunga lango, akachukua kipande cha waya mnene na kuunganisha B- na P- moja kwa moja. Baiskeli ikawaka, akalipwa, akapongezwa. Bodi ilikuwa imefunga lango kwa sababu kundi moja lilikuwa linaanguka, na sasa hapakuwa na wa kulisemea. Wiki chache baadaye betri ilianza kutoa moshi ikiwa kwenye chaja. Ilikuwa mchana, watu wakaiona, wakaivuta nje. Nilipoifungua, waya ule ulikuwa bado unang'aa.

Kwa hiyo nawaomba mweke sharti hili kwenye mkataba na kila mpokeaji: bodi ikifunga, hakuna mtu wa kuiruka. Baiskeli ikanyagwe kwa miguu kama baiskeli nyingine. Andikeni tarehe na lililokuwa likifanyika, mlima au chaja, kisha betri ije karakana ipimwe ngazi yake. Kontrola ikipangwa vizuri ndiyo inayotakiwa kuzima kwanza betri inapopungua, na chaja ndiyo inayotakiwa kukoma kwanza inapojaa. BMS ni mlinzi wa mwisho. Ikiwa inafanya kazi kila siku, kuna mtu mwingine asiyefanya yake.

Kuhusu kusawazisha niliahidi kurudi. Bodi za kawaida husawazisha makundi kwa umeme mdogo sana, tuseme miliampea 50, na nyingi hufanya hivyo betri ikikaribia kujaa tu. Kundi lililotofautiana na wenzake kwa ampea-saa 1 litahitaji saa 20 za kazi hiyo. Kwa hiyo mara moja au mbili kwa mwezi betri iachwe kwenye chaja saa kadhaa baada ya kujaa, mchana, mtu akiwepo. Anayechaji nusu nusu kila siku hajakosea, ila aipe bodi nafasi hiyo. Baiskeli ikipumzishwa kwa muda mrefu, iachwe na chaji ya nusu hivi, na ikaguliwe kila mwezi.

Lipo pia ambalo bodi haiwezi. Seli yenye kasoro ya ndani, au iliyobondwa baiskeli ilipoanguka, au iliyoingia maji, inaweza kuwaka hata bodi ikiwa nzima. Ndiyo sababu nasisitiza mahali pa kuchajia: sakafu ya saruji, karibu na mlango, mbali na godoro, mbali na mapazia na mishumaa ya sakristia, na kamwe si usiku watu wamelala. Betri iliyotoka safarini ikiwa moto ipumzike nusu saa kwanza. Ikianza kutoa moshi, watu watoke nje kabla ya kitu kingine chochote. Moshi wake ni sumu. Kinachopoza betri ni maji mengi, na yamwagwe na mtu aliye mbali ambaye njia ya kutokea iko nyuma yake.

KWA WAFADHILI

Marafiki zetu, nina maombi mawili. Wengine kwa moyo mwema mmeuliza kama mnaweza kuja na betri kwenye mabegi. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hata betri ndogo ya baiskeli, volti 36 kwa ampea-saa 10, ina 360. Bodi za BMS zenyewe, fyuzi, mita nzuri na chaja hazina betri kubwa ya lithiamu ndani. Hizo mnaweza kuzibeba, na tutazipokea kwa furaha, mradi mtuulize kwanza idadi ya makundi. Betri zilizotumika huko kwenu na kuchoka tafadhali msituletee kwa meli pia. Hatuna mahali pa kuzitupa kwa usalama, na gharama ya kutenganisha seli nzima na mbovu inazidi thamani yake.

La pili linahusu fomu ya taarifa. Inauliza idadi ya baiskeli zilizogawiwa. Naomba iongezwe safu moja: ni ngapi zinatembea baada ya miezi 24, na ngazi ya volti ya kila betri siku hiyo. Kamati ikijua itaulizwa hivyo, haitafuta ule mstari kwa penseli. Nanyi mtaona tofauti kati ya saba na nane inavyokwenda.

Baada ya chai tutahamia karakana. Kuna betri tatu mezani, mbili nimeziunganisha sawasawa na moja nimebadilisha nyaya mbili kwenye plagi kwa makusudi. Kila kamati itapewa mita na fomu, itafute ni ipi. Waliokuja na betri za parokia zao waziache kwenye kibaraza kivulini, bila chaja, mpaka nizipime. Sista ana orodha ya kujiandikisha. Karibuni chai.